Mvua Nyeupe

Mwezi wa nane mwaka 2022 nilikwenda kumpokea kijana mmoja kwenye uwanja wa ndege wa Buffalo, jimbo la New York. Alifika na mkewe, mtoto wa miezi saba, na ule mfuko mweupe wa plastiki wenye karatasi ambao wakimbizi wanaohamishiwa Marekani huukumbatia safari nzima kana kwamba ndani yake mna yai. Kwao ni Fizi, Kivu Kusini, kando ya Ziwa Tanganyika. Lakini sehemu kubwa ya ujana wake ilipita Nyarugusu, kambi iliyo wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Mimi ni mtu wa Kasulu, na kabla sijaja huku nilifundisha shule ya msingi. Basi akaniita mwalimu tangu siku hiyo, nami nikamchukua kama mdogo wangu. Jina lake nitalihifadhi.

Tukiwa njiani kwenda mjini akaniuliza kama ni kweli theluji hufika kiunoni. Nilikuwa na miaka tisa Buffalo, na mtu wa miaka tisa ugenini huwa na maringo yake. Nikamjibu, "Usihangaike. Ni mvua nyeupe tu."

Alicheka. Mkewe, aliyekaa nyuma na mtoto, hakucheka.

Ukipita upande wa magharibi wa mji, mitaa ya kuzunguka Grant Street, utasikia Kiswahili cha Uvira, cha Bujumbura na cha Wabantu waliotoka Somalia, dukani na kwenye vituo vya basi. Kazi yangu ni ukalimani: hospitalini, mahakamani, kwenye vikao vya wazazi. Juu ya hiyo ninayo kazi nyingine ambayo hakuna aliyenichagua kuifanya. Tangazo la serikali likitoka, nalirekodi kwa Kiswahili na kulituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Humo mna watu zaidi ya mia. Wengi hawasomi Kiingereza, na wapo wasiosoma lugha yoyote. Nikisema kesho shule imefungwa, watoto hawaamshwi. Nilikuwa naifurahia heshima hiyo kuliko nilivyotambua.

Sasa nieleze kidogo juu ya ziwa, maana bila ziwa hadithi hii haieleweki. Ziwa Erie limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, urefu wa kilomita karibu 390, na Buffalo imekaa kwenye ncha yake ya mashariki. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili maji yake bado hayajaganda, yana joto la kiangazi lililobaki. Upepo wa baridi kali ukipita juu yake kwa urefu wote huo, hunyonya joto na unyevu, kisha ukifika nchi kavu huubwaga mzigo wote kama theluji. Huubwaga kwa mkanda mwembamba. Upepo ukipinda kidogo tu, mtaa mmoja unazikwa na mtaa wa pili unaanika nguo.

Ndivyo ilivyokuwa Novemba ile. Kati ya tarehe 17 na 20, mji mdogo wa Orchard Park, kusini kidogo mwa Buffalo, ulipata theluji ya karibu mita mbili. Uwanja wa Bills, timu ya futiboli ya Kimarekani, uko huko, na mechi yao ilibidi ihamishiwe Detroit. Kwetu upande wa magharibi ilianguka kidogo mno kulinganisha na huko. Kijana alitoka na beleshi, akapiga picha na mwanawe mbele ya kichuguu cheupe, akazituma Nyarugusu. Jioni akanipigia.

"Mwalimu, ile ya kwenye televisheni ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi hawa wazungu waoga sana."

Nikacheka naye. Sikumwambia kwamba ile ya kwenye televisheni ilitukosa kwa kilomita chache tu. Mgeni aliyepona tufani ambayo haikumfikia ni wa kuogopewa kuliko mgeni ambaye hajawahi kuona theluji kabisa, maana huyu wa pili angalau huuliza.

Wiki moja kabla ya Krismasi idara ya hali ya hewa ikaanza kutoa tahadhari. Walitumia maneno ambayo watu wa idara hiyo hawapendi kuyatumia ovyo: tufani ya aina inayokuja mara moja katika kizazi. Waliitaja Ijumaa, tarehe 23, na walitaja mpaka saa. Siwezi kusema hatukuambiwa. Mimi ndiye niliyeambiwa, wengine wakanisikiliza mimi.

Neno lao lilikuwa blizzard. Nikalitafsiri "theluji nyingi na upepo". Bado nina sauti ile kwenye simu. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa. Nasema: "Ijumaa kutakuwa na theluji nyingi na upepo. Wanashauri watu wasitembee ovyo. Vaeni makoti. Sisi tuliopona Novemba tutapona na hii." Kisha nacheka.

Baadaye, nilipopata ujasiri wa kusoma, nilikuta kwamba kwa idara yao ya hali ya hewa blizzard haipimwi kwa wingi wa theluji hata kidogo. Ni upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, na theluji inayopeperushwa kiasi kwamba huoni kitu kilicho mbali kupita mita 400, na hali hiyo idumu saa tatu au zaidi. Kwa maneno mengine ni upofu na baridi. Theluji iliyolala chini inatosha, upepo ukiiinua. Neno "nyingi" nililipachika mimi, na wasikilizaji wangu wakalipima kwa kile kichuguu cha Novemba.

Kuna jambo huniuma nikilifikiria. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipokiona kilele cheupe cha Kilimanjaro, kiongozi wake wa safari hakuwa na neno la theluji. Alisema tu kwamba ni baridi. London walimbishia Rebmann kwa miaka, na vitabu hupenda kusimulia ubishi huo. Mimi namfikiria yule kiongozi. Hakujua kile kitu kimetengenezwa na nini, ila alijua kinamfanya nini mtu anayekisogelea. Tafsiri yake ilikuwa bora kuliko yangu, na yeye hakulipwa kwa saa.

Kijana alikuwa akifanya kazi ya usiku katika ghala moja upande wa mashariki, karibu na uwanja wa ndege. Zamu yake ilikwisha Ijumaa saa moja asubuhi. Nje kulikuwa na mvua ya kawaida, joto liko juu ya sifuri, mtu unaweza kutembea na sweta. Msimamizi akatangaza ovataimu ya saa mbili kwa atakayebaki kupakia magari ya mwisho. Ghala lile nisilitaje; lilikuwa moja tu kati ya mengi ambayo hayakufunga. Kijana alibaki. Alikuwa ameahidi kumtumia mama yake pesa ya Krismasi, na nani kati yetu hajui uzito wa ahadi hiyo?

Marufuku ya magari barabarani ilianza saa tatu na nusu asubuhi. Tangazo lenyewe lilitoka chini ya saa moja kabla, jambo ambalo wenyeji waliilaumu sana serikali ya wilaya kwalo baadaye, na kwa haki. Watu wengi walikuwa tayari makazini. Kijana aliliona kwenye simu yake, hakulielewa vizuri, akanipigia.

"Mwalimu, wanasema tusiendeshe. Nibaki huku ao nirudi nyumbani?"

Nilichungulia dirishani. Mvua. Nikahesabu: dakika ishirini na tano mpaka kwake.

"Toka sasa hivi, utafika," nikamwambia. "Wanashauri tu."

Hapo ndipo kosa la pili. Kiingereza cha matangazo yao kina ngazi: kuna kushauri, na kuna kupiga marufuku. Lile lilikuwa marufuku. Mimi kwa mazoea nikaliita ushauri, kwa kuwa katika miaka tisa sikuwahi kuona mtu akikamatwa kwa kuendesha kwenye theluji.

Alichelewa dakika chache kufuta kioo. Jinzi na raba zikalowa mvua, na hilo ndilo lililokuja kumgharimu vidole. Nguo ya pamba ikilowa haikaushwi na mwili; inaunyonya mwili joto. Wenyeji wanajua, huvaa sufu na vitambaa vya plastiki ndani. Sisi hupewa makoti makubwa ya msaada, tukajiona tumevaa, kumbe kuanzia kiunoni kushuka tuko Kigoma.

Alipokuwa Genesee Street joto liliporomoka. Aliniambia kwamba maji ya kwenye kioo yaligeuka barafu huku waipa zikicheza, zikasimama katikati. Kisha upepo ukaja. Hakuona theluji ikianguka. Aliona barabara ikifutika. Mbele pakawa peupe, kando peupe, boneti ya gari lake mwenyewe ikatoweka. Akasimama. Alipotaka kurudi nyuma, magurudumu yakazunguka bure. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi.

"Tulia," nikamwambia. "Mvua kubwa haikawii kukatika."

Upofu ule ulidumu saa 37.

Mpaka saa nane mchana nilikuwa nimepiga namba ya dharura, 911, mara kumi na zaidi. Walipokea, wakaandika jina la barabara, wakasema atakuja mtu mara tu itakapowezekana. Haikuwezekana. Magari ya zimamoto, ya polisi na ya wagonjwa yalikwama humohumo barabarani. Hata magereda yaliyotumwa kuyanasua yakakwama. Kwa saa nyingi mji wa watu zaidi ya laki mbili na nusu haukuwa na mtu wa kuuitikia. Nilikuwa nimezoea kuwaambia wageni kwamba Marekani ukipiga namba tatu wanakuja. Na hilo nilikuwa nimelitafsiri vibaya.

Kijana naye alianza kuongea pole pole. Alisema kichwa kinamgonga, anataka kulala kidogo, si alikesha kazini? Gari lina joto, hita inawaka, yuko sawa. Nikaona ni jambo la maana. Mtu aliyefanya kazi usiku alale.

Sijui ni nini kilichonishusha ngazi. Ghorofa ya chini ya nyumba ninayoishi anakaa bibi mmoja Mmarekani mweusi. Miaka minne tulikuwa tukipungiana mkono tu. Sikuwahi kupiga hodi kwake, wala yeye kwangu. Nilidhani ndiyo adabu ya nchi. Siku hiyo niligonga. Nikamweleza kwa kifupi. Hakuniuliza kijana ni nani, wala anatoka wapi.

"Bomba la moshi la gari liko wazi?" akauliza.

Sikuelewa. Akalirudia kwa sauti ya kumgombeza mtoto. Gari likifukiwa, ekzosi inaziba, moshi unarudi ndani. Hauna harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, basi.

Kwetu nani asiyelijua hilo? Kila msimu wa baridi tunasikia familia imelala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, asubuhi hawaamki. Ni hewa ileile, kaboni monoksidi. Ningeambiwa kuna mtu kalala na mkaa chumbani ningevunja mlango. Lakini mtu kalala na injini inayowaka ndani ya theluji, nikamwambia pumzika.

Nikampigia nikipiga kelele. Azime gari. Ashushe kioo cha upande usiopigwa na upepo, upana wa vidole viwili. Atoke kupitia mlango wa upande huohuo, mkono mmoja usiachie gari hata sekunde moja, afukue ekzosi. Hakuwa na beleshi. Lilikuwa nyumbani, mahali alipopigia picha. Alifukua kwa kapeti ya gari, kisha kwa mikono yenye glavu za uzi zilizolowa.

Bibi alinikalisha mezani kwake akachukua uongozi. Januari 28, 1977, ilipoanza tufani ambayo wazee wa Buffalo hupimia tufani zote, alikuwa msichana wa shule, na mjomba wake alikaa siku mbili ndani ya gari akatoka mzima. Kwa hiyo tulifuata sheria za mjomba. Injini dakika kumi kila saa, si zaidi, na kabla ya kila kuwasha afukue ekzosi upya. Simu achaji katika dakika hizo kumi. Achane mfuko mwekundu wa dukani aufunge kwenye eriali. Avue raba na soksi zilizolowa, miguu aifunge kwa fulana kavu. Asilale. Asitoke kwenye gari kwenda popote ila aone kwa macho yake anakokwenda, maana kuna watu hupotea wakiwa hatua chache kutoka mlangoni kwao. Kila saa kamili nilimpigia, nikamwimbisha nyimbo za shule, nikamtajisha majina ya wavuvi wote aliowahi kuwajua.

Geji ya mafuta ilikuwa robo tangi tangu asubuhi.

Mkewe alikuwa peke yake na mtoto, mtaa wa tatu kutoka kwangu, mahali ambapo siku nyingine ni dakika sita kwa miguu. Nilishindwa kufika. Nilifika kwenye kona nikarudi nikishika ukuta. Kwa bahati gesi ya nyumba yao haikukatika. Maelfu ya nyumba zilikuwa gizani. Alinipigia saa tatu usiku. Hakulia.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulisema ni mvua."

Sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo sina.

Mafuta yakaisha saa saba usiku. Saa nane simu ikazima. Kuanzia hapo ninayoyaeleza aliyasimulia yeye baadaye.

Alisema kutetemeka kulikoma, akajisikia vizuri, akataka hata kuvua koti. Hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote, lakini nani angemwambia? Kisha upepo ukapumua kidogo na akaona taa, dirisha la juu, ng'ambo ya barabara. Akakumbuka sheria ya mjomba: umeiona, nenda.

Jambo lililomchelewesha halikuwa baridi. Mei 14 ya mwaka uleule mtu mwenye bunduki aliingia kwenye duka la vyakula upande huohuo wa mashariki akaua watu kumi weusi. Sisi wenyewe tulikuwa tumemwonya kijana: usiku usigonge mlango wa mtu usiyemjua katika nchi hii. Onyo hilo nalo nililirekodi mimi, na hilo nililitafsiri vizuri.

Alikwenda. Nyumba ya kwanza hawakufungua. Anasema pazia lilisogea. Hawalaumu, anasema hata yeye asingefungua. Usiku uleule, huko Cheektowaga, kitongoji cha Buffalo, fundi mmoja aliyekwama alikuwa amekwisha kugonga milango kadhaa, akaahidi hata dola 500 alale sakafuni, akakataliwa. Mwishowe alivunja dirisha la shule akaingiza humo watu zaidi ya ishirini waliokuwa wakiganda magarini, akaacha barua ya kuomba radhi. Mahali pengine basi dogo la watalii wa Korea Kusini lilikwama, wakaenda kwenye nyumba ya jirani kuazima mabeleshi. Wenye nyumba wakawaambia waingie wote kumi, wakakaa mpaka Krismasi wakipika. Mji mmoja, tufani moja. Ukigonga hujui utamkuta nani.

Nyumba ya pili, ile yenye taa, kijana alisahau Kiingereza chote. Alipiga hodi. Kwa Kiswahili, mara tatu, kama anafika kwa shangazi yake. Aliyefungua alikuwa mzee wa Kibangladeshi aliyeamka kuswali usiku. Upande ule wa mji wapo wengi. Saa kumi alfajiri simu yangu ikaita kwa namba nisiyoijua.

Mama wa nyumba ile alikuwa ameshachemsha maji. Bibi, aliyekuwa amesinzia kitini, aliruka: si ya moto! Yawe vuguvugu kama ya kumwogesha mtoto, na wasisugue, kwa sababu nyama iliyoganda haihisi. Unaiunguza huku mwenyewe anakushukuru. Nikatafsiri kutoka Kiingereza cha Buffalo kwenda Kiingereza cha kitabu, yule mzee akatafsiri Kibengali. Ulikuwa ukalimani bora kuliko wote niliowahi kufanya, na ulihusu beseni.

Jumatatu walikuja vijana wa kujitolea na pikipiki za theluji wakampeleka hospitali. Marufuku ya magari mjini haikuondolewa hadi Alhamisi, tarehe 29. Kipimo cha uwanja wa ndege kilionyesha theluji ya sentimita 132 hivi kwa siku tano. Waliokufa walipita 40. Wengine walikutwa magarini, wengine njiani wakiwa wanaelekea mahali, wengine majumbani mwao bila umeme, na wengine moyo uliwasimama wakiwa na beleshi mkononi baada ya tufani kupita. Hao wa mwisho huwa tunawasahau: theluji iliyolowa ni nzito kama udongo wa matope, na mzee asiyezoea kulima asiipakue kwa pupa.

Madaktari hawakati haraka nyama iliyoganda. Husubiri wiki kadhaa waone ipi itarudi. Mwezi wa pili ofisi ya ukalimani ilinipangia kazi hospitalini, bila kujua, na mgonjwa alikuwa yeye. Ningeweza kukataa. Niliketi kati yake na daktari. Daktari akasema atapoteza ncha za vidole vitatu vya mkono wa kushoto na kidole kidogo cha mguu. Nikaisema sentensi hiyo kwa Kiswahili, neno kwa neno. Sikuongeza wala kupunguza.

Kijana aliutazama mkono wake. Akauliza kama ataweza kushika nyavu. Nikamwuliza daktari, daktari akauliza nyavu gani. Ikabidi nieleze: huyu ni mtu wa ziwani.

Daktari alipotoka, kijana akanigeukia. "Mwalimu, ile Ijumaa, upepo ulikuwa unatoka ziwani?"

"Ulitoka ziwani."

"Ungeniambia ziwa limechafuka," akasema. "Mimi mtoto wa Fizi. Ziwa likichafuka, mtu hatoki. Hata awe na deni, hata mama analia njaa, mtumbwi unabaki juu. Sasa weye uliniambia mvua. Mvua tunatembea nayo."

Nimefanya kozi za ukalimani, nina vyeti viwili ukutani. Hakuna mwalimu aliyewahi kunisahihisha namna ile.

Ghala halikumrudisha kazini. Siku hizi anafanya kazi jikoni kwenye mkahawa mmoja, na mkono wa kushoto unamuuma kuanzia Oktoba. Pesa ya mama ilifika Januari. Kwenye buti la gari lake jipya mna beleshi fupi, mfuko wa mchanga, blanketi la sufu, soksi mbili kavu na mishumaa, na tangi haliruhusu lishuke chini ya nusu. Bibi wa chini humletea mwanawe biskuti. Naye mzee wa Kibangladeshi alituita Idi.

Januari 2024 tufani nyingine ilishuka kutoka Ziwa Erie. Marufuku ikatangazwa tena, na mechi ya Bills ya Jumapili tarehe 14 ikasogezwa hadi Jumatatu. Safari hii sikurekodi tangazo mimi. Nilimwomba yeye. Sauti yake ilichukua sekunde nne: "Ziwa limechafuka. Hakuna mtumbwi kutoka." Katika watu wote wa kundi letu, hakuna aliyetoka.